Mkono wa Bosi Kwenye Swichi Kuu

Kwanza tuelewane. Lamya hakuangusha ndege. Lamya alitua. Ukimsikia mtu anasema "yule dada aliyeangusha ndege kule Kigwa," mwambie anyamaze, na akibisha muulize yeye mara ya mwisho alitua na nini.

Maana wiki ile mtandaoni kila mtu aligeuka rubani. Kuna mmoja namfahamu, pikipiki inamshinda kuipandisha kibarazani, lakini aliandika aya tano kueleza "alichotakiwa kufanya." Mwingine akaweka vikatuni vya kucheka na maneno, ndo madhara ya kuwapa wanawake usukani. Huyo hata toroli hajawahi kukabidhiwa. Sasa nyie wote mliochangia, kaeni hapa mbele, msikilize.

Lamya binti Murtadha ana miaka ishirini na saba. Kwao ni duka la vitambaa karibu na soko kuu hapa Tabora. Mababu zake walifika na misafara, miezi mitatu kwa miguu kutoka pwani, wakafungua biashara na hawajaifunga mpaka leo. Yeye akiwa kidato cha pili akatangaza kwamba anataka kurusha ndege. Shangazi zake walicheka mpaka chai ikapoa. Mzee Murtadha hakucheka. Aliuliza tu kama kazi hiyo ina sare, maana kama ina sare kitambaa kitatoka dukani kwake.

Akasoma, akapata leseni. Tatizo likaanzia hapo. Kampuni zinataka rubani mwenye saa nyingi angani, na saa za angani unazipata ukishaajiriwa. Ni kama mtu akunyime maji mpaka umwonyeshe ushahidi kwamba ulishawahi kunywa. Mwaka mzima Lamya alituma barua, akajibiwa kwa ukimya. Ndipo akatokea Nestory.

Nestory mnamjua, msijifanye. Mwenye mabasi, mtu wa Nzega, shati mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Alinunua ndege ya injini moja, viti sita, imekula chumvi nyingi kuliko Lamya mwenyewe, akaipaka rangi za mabasi yake na mkiani akaandika SUBIRA IMELIPA. Sijatania. Ndege. Imeandikwa kama basi. Akawa anaikodisha kupeleka chanjo na wagonjwa vijijini, na Lamya akawa rubani wake. Alifurahi yule dada, acheni tu. Alipiga picha na yale maandishi ya mkiani kama vile ni tuzo.

Mwanzoni ndege ilikuwa na fundi wa kweli, Masolwa, mwenye leseni ya ufundi wa ndege na mdomo mchafu. Masolwa alikuwa haogopi mtu. Kuna breka moja ya umeme, kile kitufe kidogo kinachoruka chenyewe waya ukizidiwa, ilikuwa inaruka kila siku. Masolwa akasema waya fulani nyuma ya dashibodi umechoka, ndege isimame wiki mbili, waya uagizwe. Nestory akasema wiki mbili basi lake haliwezi kusimama. Masolwa akamwambia hilo si basi. Wakapishana maneno, Masolwa akafunga sanduku lake la vifaa akaondoka zake.

Kesho yake akaja Ngollo. Ngollo ni fundi wa mabasi. Mtu mzuri, mpole, anasalimia mpaka watoto. Na fundi wa mabasi akikuta fyuzi inaungua kila siku, nyote mnajua anachofanya. Anachukua kipande cha waya, anaruka ile fyuzi, anaunga dairekti. Taa zinawaka, abiria wanapanda, safari inaendelea. Kwenye basi, siku waya ukiungua, konda anaruka chini na ndoo ya mchanga, mnasimama pembeni, mnakula mahindi ya kuchoma mkisubiri gari lingine. Ngollo akafanya alichozoea, akampa bosi funguo. Kitufe kikaacha kuruka. Nestory akasema, mnaona, wiki mbili za nini.

Lamya aliona kitufe kimetulia. Hakuchungulia nyuma ya dashibodi. Shikeni hapo, maana yeye mwenyewe alipashika kuliko mtu yeyote.

Siku ya kumi na moja tangu Ngollo aunge ule waya ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tisa, mashamba yameshavunwa, jua kali. Walipeleka chanjo Ziba asubuhi, na kwenye saa tano wakaanza kurudi Tabora. Ndani walikuwa watatu. Lamya kushoto, Nestory kulia kwake, na nyuma muuguzi anaitwa Marcelina, kakumbatia boksi la barafu lililokuwa tupu. Nestory alipanda siku hiyo kwa sababu kuna wageni walikuwa wanamsubiri uwanjani Tabora, wanataka kuikodi ndege mwaka mzima. Njia nzima alikuwa anarekebisha kola.

Wakiwa wameshavuka nusu ya safari, Lamya akasikia harufu. Anasema ni harufu ya sahani ya plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko. Kisha uzi wa moshi ukatoka chini ya redio.

Rubani anafundishwa jambo hili mpaka analiota. Moshi wa umeme angani, kitu cha kwanza unaua umeme. Swichi kuu, zima. Kila kitu kinachokula umeme, zima. Hapo waya unakosa chakula, moto unakosa sababu. Redio inakufa, taa zinakufa, mishale ya mafuta inalala, lakini injini haifi. Injini ya ndege ndogo inajitengenezea cheche zake yenyewe. Ina mashine mbili ndogo kwa kazi hiyo, zinaitwa magneto, zinazungushwa na injini yenyewe, hazimwombi betri chochote. Ukizima swichi kuu, propela inaendelea kuzunguka kama vile haijasikia.

Lamya akazima. Moshi ukaanza kupungua. Akamwambia Marcelina achukue kile kizima moto kidogo chini ya kiti, akae nacho mkononi. Marcelina akakishika kama mtoto mchanga.

Na hapo ndipo Nestory alipofanya alichofanya.

Akaona redio imezimika, taa zote zimezimika, akili yake ikaenda kwenye basi. Kwenye basi ukizima umeme wote, gari limezima. Akanyoosha mkono mbele ya usukani wa Lamya, akaiwasha swichi kuu.

"Unazima gari tukiwa juu, una wazimu wewe binti?"

Moshi ukarudi, na safari hii ulikuja mweusi. Lamya akaizima tena. Akamwambia kwa kifupi kwamba injini haihitaji ule umeme, asiguse kitu. Yule mzee akasema yeye ana mabasi sita, hafundishwi swichi. Mkono ukaja tena. Akaiwasha tena. Kukatoka mlio mdogo nyuma ya dashibodi, kama maji yakidondokea mafuta ya moto, na mwali wa moto ukachungulia.

Lamya akampiga. Kwenye mkono, kofi moja la nguvu, mpaka ile saa yake kubwa ikageuka upande wa ndani. Kisha akazima swichi, akamwambia Marcelina apulizie hapo kwenye moto, na Marcelina akapulizia poda mpaka bosi akawa mweupe kama mpishi wa maandazi. Moto ukafa. Wakafungua vidirisha, moshi ukatoka, watu wakakohoa, wakapumua.

"Ukinyoosha tena mkono," Lamya akamwambia, "dada Marcelina atakupulizia wewe."

Marcelina ananiambia hakuwa na uhakika kama ni utani. Kwa hiyo alikaa tayari.

Basi, mngesema imeisha. Haijaisha. Ule moto, ule wa mkono wa bosi, ulikuwa umekula nyaya za jirani, na mmojawapo ulikuwa unakwenda kwenye magneto. Waya ule ukiungua na kugusa chuma, magneto inazimika. Dakika chache baadaye injini ikaanza kukohoa na nguvu ikashuka. Lamya akajaribu magneto moja moja. Ya kushoto, injini ikataka kufa. Ya kulia, ikafufuka. Kwa hiyo imebaki moja, na waya wake umelala pale pale penye nyaya zilizoungua, na hakuna mtu anayeweza kusema utashika kwa dakika mbili au kwa saa mbili.

Alikuwa ameshaanza kuelekea kusini ili aikute reli, kwa sababu bila redio reli ndiyo inayokuonyesha njia, huwezi kuikosa. Akaiona, akaona na mabati ya Kigwa. Tabora ilikuwa mbele, kama dakika kumi na tano hivi. Katikati ni miti.

Nestory akasema waende Tabora. Injini si inanguruma, wageni wanasubiri, dakika kumi na tano ni kitu gani. Lamya akamweleza kwamba ikizimika juu ya miti hakuna pa kuiweka, na hapa chini kuna mashamba. Mzee akasema mbele ya wageni haiwezekani afike kwa bodaboda. Nawaapia, alisema hivyo. Poda usoni, moshi puani, na mtu anawaza atafika na nini.

Lamya akaanza kuangalia mashamba. Alichagua shamba la mpunga lililovunwa, refu, kaskazini ya reli. Tatizo la shamba la mpunga ni majaruba, yale matuta ya udongo ya kuzuia maji, kila hatua kadhaa lipo moja. Akatafuta sehemu ambayo ng'ombe wameshayakanyaga yakalala. Yale mabawa madogo ya kupunguza mwendo yalikuwa yanategemea umeme, kwa hiyo hayapo, atatua na mwendo mkubwa. Akawaambia wakaze mikanda, wavue miwani, wafungue milango kidogo isije ikagoma kufunguka. Akiwa na uhakika shamba analifikia, akafunga mafuta, akazima magneto iliyobaki. Kukawa kimya. Marcelina anasema kimya kile ndicho kilichomtisha, moshi ulikuwa afadhali.

Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Wakakimbia wakipita tuta moja, la pili, la tatu, na mwisho kabisa, wakiwa na mwendo kama wa baiskeli, gurudumu la mbele likazama kwenye tuta moja ambalo ng'ombe hawakulipenda. Pua ikainama, propela ikapinda. Wakashuka watatu kwa miguu yao. Hakuna hata mmoja aliyechubuka, isipokuwa mkono wa bosi ulikuwa na alama ya vidole.

Wachunga ng'ombe wa pale walikuja mbio na maji. Nestory, kitu cha kwanza, akapiga simu. Lamya alidhani anatoa taarifa polisi. Alikuwa anampigia Ngollo.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri, Nestory akaja nyumbani kwa mzee Murtadha. Hakuja kwa Lamya. Alikuja kwa baba yake, kama watu wazima wanavyofanyiana wakitaka kijana ainamishwe. Amevaa vizuri, kaja na kilo mbili za sukari na Ngollo nyuma yake. Wakakaribishwa sebuleni, kahawa ikaletwa. Lamya akatoka akatoa shikamoo, na mimi jirani yao niliyekuwepo nasema haijawahi kutolewa shikamoo ya baridi kama ile.

Mzee Nestory alianza mbali. Afya, mvua zitakuja lini, biashara ya vitambaa inaendaje. Kisha akasema jambo limetokea, Mungu mkubwa, roho zote zipo, na baina ya watu wazima mambo huwa yanaisha. Akatoa karatasi. Ilikuwa imechapwa tayari. Maelezo ya rubani kwa wakaguzi wa usafiri wa anga, ambao wangefika Jumatatu. Inasema rubani alizima umeme wa ndege kwa makosa, injini ikakosa nguvu, akalazimika kutua. Chini kuna nafasi ya saini ya Lamya.

Akisaini, kazi yake ipo, hata ndege nyingine ikinunuliwa yeye ndiye rubani. Ndivyo alivyosema. Ambacho hakusema ni kwamba leseni ya Lamya ingekuwa imekwisha. Rubani aliyezima umeme kwa makosa akaharibu ndege hapewi ndege tena, hata ya kwenye bembea. Miaka yote ile, ule mwaka wa barua zisizojibiwa, ingeingia kwenye mistari minne iliyochapwa na mtu mwingine.

Na kama anafikiria kusema mambo ya waya, Nestory akaongeza kwa upole, huku anakoroga kahawa isiyo na sukari, waya gani. Hakuna waya.

Kisha akamgeukia mzee Murtadha na kuweka lile jiwe lake la mwisho mezani. Binti yako alinipiga. Mbele ya watu. Mimi umri wa baba yake.

Hapo mzee Murtadha akabadilika uso. Mjue, nyumba ile hata paka anaingia kwa adabu. Akamwuliza bintiye kama ni kweli. Lamya akasema ni kweli. Mzee akasema basi kwanza aombe radhi, na hiyo karatasi aisaini, yaishe.

Yaishe. Mimi neno hili nalichukia kuliko matusi. Mtoto anapigwa shuleni mpaka anavunjika kidole, yaishe. Mtu anachukuliwa shamba lake, yaishe. Linaisha kwa nani? Kila siku linaishia kwa mdogo, aliyekaa karibu na mlango.

Lamya akapiga goti mbele ya Nestory. Nilitaka kutoka nje, siwezi kuangalia.

"Kwa mkono, samahani mzee wangu," akasema. "Sikulelewa kupiga mkubwa. Karatasi sisaini."

Akanyanyuka. Akamwambia Nestory aeleze mbele ya baba yake, ile swichi aliiwasha mara ngapi. Nestory akasema ilikuwa taharuki, mtu anaweza akagusa kitu. Lamya akasema mara mbili. Kisha akamgeukia Ngollo, ambaye muda wote alikuwa anaangalia zulia kama anahesabu nyuzi.

"Kaka Ngollo, waya uko wapi?"

Ngollo akamwangalia bosi wake. Akaangalia kikombe. Yule bwana jasho lilikuwa linamtoka hadi masikioni.

"Nimeutoa jana," akasema. "Nilitumwa niutoe. Na kuuweka pia nilitumwa, dada. Kwenye basi ingeishia taa kuzimika tu. Mimi ndege sijasomea."

Nestory akaanza kumfokea Ngollo kwa Kinyamwezi, haraka haraka, mimi nilikamata neno moja moja na hayakuwa mazuri. Mzee Murtadha akamwacha amalize. Kisha akasema kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba kitambaa hicho hakipunguzwi, "Mzee mwenzangu, maliza kahawa yako. Kijana wa dukani atakusindikiza na sukari yako."

Jumatatu wakaguzi wakaja. Lamya aliandika maelezo yake mwenyewe kwa mkono, kurasa tatu. Waya, swichi, mara mbili, kofi, magneto, shamba. Marcelina akaandika yake. Ngollo alikuwa ameshaenda Nzega na simu imezimwa, na siwezi hata kumlaumu, ana watoto na bosi ni yule yule. Lakini nyaya zilizoungua zilikuwepo, na breka isiyoruka huku waya umekuwa mkaa nayo ilikuwepo, na mkaguzi si konda.

Mkaguzi akasoma mpaka ukurasa wa tatu akasimama. Aya ya mwisho Lamya alikuwa ameandika kwamba alijua fundi mwenye leseni ameondoka, alijua aliyebaki ni fundi wa mabasi, akairusha ndege siku kumi na moja bila kuuliza nani amesaini daftari la matengenezo, kwa sababu alihitaji zile saa. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Akamwambia hakuna aliyemwuliza hilo, na akiliacha hapo naye atasimamishwa. Akamsogezea kalamu, kama anataka kulifuta.

Lamya akasema libaki.

Ndege imefungiwa. Kibali cha Nestory kimefutwa, na yeye amenunua basi la saba, anatamba nalo. Lamya amesimamishwa miezi sita, leseni haina doa la kuangusha ndege, ina doa la kwake mwenyewe, la kweli. Shangazi zake wanamwona mjinga. Mtaani wanasema angesaini tu, angekuwa na kazi. Mimi nimegombana na watu kumi na wawili kwenye kundi la mtaa na nimetolewa mara mbili.

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu asimamishwe. Yupo dukani anakata vitambaa, na mkasi anaushika kama una deni naye. Jana mama mmoja wa Ulyankulu akamwuliza kama ndiye yule wa ndege. Akasema ndiye. Akaulizwa, hukuogopa moto?

"Moto una utaratibu, mama," akamjibu. "Niliogopa mtu aliyekaa pembeni yangu. Unachukua hii ya maua au hii nyingine?"